Hesabu za Duka la Mama Mizani

Watu wakisikia mke wangu ana duka la mboga na matunda, wananiambia, "Aa, nyie mambo yenu safi, hamlali njaa." Ni kweli, njaa hatulali. Kwa miaka kumi na minne tumekula matango yaliyolegea na ndizi zilizoingia weusi, na watoto wetu wamekua wakidhani chungwa huzaliwa na doa. Kizuri kinauzwa, kibovu kinakuja nyumbani. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya biashara hii, na iko miezi ambayo ndiyo faida pekee.

Wateja wanamwita Mama Mizani. Jina alilipata kwa sababu hapimi kwa kukisia. Ukitaka kilo atakupa kilo, mshale usimame pale pale panapotakiwa, halafu akuongezee kiazi kimoja mbele ya macho yako ili ujue hicho ni hisani. Ana miaka hamsini na minane. Ni mfupi, sauti yake ya chini, na miguu yake ikifika jioni inavimba mpaka mikanda ya kandambili inaacha alama. Mimi ni mume wake. Nimeendesha malori ya masafa marefu miaka thelathini na moja, na wenzangu wa barabarani waliniita Handibreki, maana nilikuwa siteremki kwenye gari kabla ya kuikagua mara mbili. Sasa nimestaafu. Nasema nimestaafu kwa heshima tu. Ukweli ni kwamba mgongo uligoma, na kampuni ikanipa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri siku hiyo hiyo.

Duka ni chumba kimoja cha chini, hatua nane kwa tano, juu yake kuna mafundi cherehani wanaotugongea dari kutwa nzima. Kushoto kuna rafu za mbao zilizotandikwa magunia: viazi, vitunguu, nyanya, karoti. Mlangoni kuna maboksi ya machungwa na matufaha. Nyuma kabisa, karibu na soketi, limesimama friji la milango ya vioo, nililolinunua mimi kwa kile kiinua mgongo. Humo vinakaa vitu vyenye haraka ya kufa: spinachi, saladi, uyoga, hoho, zabibu. Siku lilipoingia, mke wangu alifuta vioo mara tatu akasema, "Sasa na mimi nina duka." Sijawahi kujisikia mwanaume kama siku ile.

Sasa wewe unayenunua nyanya tatu na kudai ya nne ya bure, ngoja nikwambie duka hili linakula nini. Kodi ya chumba laki moja na elfu themanini kwa mwezi. Mkokoteni pamoja na nafasi kwenye lori la kutoka soko la jumla, elfu tisini. Umeme, elfu arobaini na tano. Ushuru elfu thelathini, unaochukuliwa na bwana mmoja mwenye kitabu cha risiti asiyejua kusalimia watu. Mifuko elfu ishirini na nne, na ole wako umwambie mteja aje na kikapu chake. Maji na taka, elfu kumi na sita. Jumla ni laki tatu na elfu themanini na tano, na hapo bado hujanunua hata bua la mchicha. Mshahara wa mwenye duka? Haumo. Wangu mimi? Haumo vilevile.

Kazi tuligawana hivi. Yeye anaamka saa tisa na nusu alfajiri, anakwenda soko la jumla, anachagua mzigo kwa mikono yake. Mimi nafungua duka saa kumi na mbili, nafagia, nampokea akifika na mkokoteni. Anauza mpaka saa kumi na mbili jioni, anakwenda nyumbani kunyoosha miguu. Nabaki mimi na wale wateja wa kuchelewa, wanaotaka kitunguu kimoja na maneno mengi, kisha nafunga saa mbili. Nilikuwa napenda saa zile mbili za jioni. Kwa mtu aliyezoea kushika usukani wa tani thelathini, kubaki na ufunguo wa chumba kimoja si kitu, lakini ulikuwa ufunguo.

Basi, mwaka huu duka likaanza kutuumiza. Spinachi iliyolala imesimama inaamka imelegea kama tambara la jikoni. Uyoga unatoa ute. Zabibu zinatepeta. Mwezi wa kwanza tukasema ni bahati mbaya. Wa pili tukasema wakulima siku hizi wanamwagilia mboga wakishavuna ili ziwe nzito. Ulipofika wa tano, mke wangu akaacha kusema. Kila asubuhi namwona anajaza ndoo ya taka, anaibeba nje kwa mkono mmoja na kurudi kunawa. Halafu anaziangalia zile sura za mboga mpya moja moja, kama mtu aliyesahau miwani.

"Macho yangu hayachagui tena," aliniambia siku moja. "Au ni mkono. Nilikuwa nashika mboga najua itakaa siku ngapi. Sasa hivi sijui kitu."

"Achana na hayo, mke wangu. Ni joto tu."

"Joto gani ndani ya friji?"

Yeye akaanza kuamka mapema zaidi ili alikute lori la kwanza. Akagombana na muuzaji wa jumla aliyekuwa akimuuzia kwa miaka kumi na moja, mzee mmoja mpole anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alimwambia mbele ya wachukuzi na wanunuzi wote kwamba anamuuzia masalio, kwamba ni mwizi. Mzee wa watu akaapa mpaka machozi yakamlengalenga. Mke wangu akahamia kwa mwingine, ambaye bei yake iko juu na mdomo wake hauna adabu. Ndoo ya taka ikabaki inajaa vilevile.

Ndipo mwenye nyumba akatokea, tarehe moja, na meno yake yote nje. Kodi inapanda, akasema, itakuwa laki mbili na elfu kumi. Mkataba ni wa miaka miwili. Tusipotaka, kuna mtu wa vifaa vya simu anakisubiri chumba hata leo jioni. Alitupa muda mpaka mwisho wa mwezi. Mke wangu alimsikiliza huku anafunga mafungu ya karoti, hakuinua hata kichwa.

Alipoondoka, akasema, "Mwezi huu tunahesabu kila kitu. Kila kitu, hata jani. Tukipata faida nasaini. Tukila hasara nampelekea ufunguo, nikae nyumbani kama wazee wenzangu."

Nikajua hatanii. Mke wangu bila duka simwoni. Amesomesha watoto watatu kwa mizani ile, amemzika mama yake kwa mizani ile, na mimi mwenyewe, tuseme tu ukweli, nakula kwa mizani ile. Kukaa nyumbani kungemmaliza kabla yangu.

Binti yetu mkubwa ni karani wa hesabu kwenye kiwanda cha rangi. Akawa anapita kila jioni akitoka kazini, na daftari la mistari ya miraba, anapima kilichobaki kwenye friji na kuandika. Asubuhi mama yake anapima tena kabla ya kuuza, anaandika kilichotupwa. Mimi niliwacheka kidogo. Nikasema biashara ya mboga ni moyo, si daftari. Binti yangu akaniambia, "Baba, moyo haulipi kodi." Mtoto huyu alianza kuongea akiwa na miezi tisa na hajapumzika tangu hapo.

Siku ya ishirini akafungua daftari juu ya gunia la viazi. "Mama, vya rafuni vinaharibika kawaida tu, kila duka ndivyo lilivyo. Vinavyotumaliza ni vya humu. Jana jioni nimeacha kilo nne za spinachi, nzuri kabisa, nimeishika mwenyewe. Asubuhi umetupa kilo moja na nusu. Kwa siku ishirini, vya friji peke yake ni laki moja na elfu thelathini na nane. Si macho yako, Mama. Friji hili ni bovu."

Akaitwa fundi wa mafriji. Akaja na kisanduku chake, akakaa juu ya kreti, akatia kipimo ndani, akasubiri huku anakula ndizi yetu. Akakisoma, akasikiliza mota, akapitisha kidole kwenye mpira wa mlango. Akasimama.

"Mama, mashine yako nzima. Haina tatizo hata moja. Au usiku mnalizima?"

Mke wangu akacheka. Alicheka kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa muda mrefu. "Tulizime? Ebo! Nani azime friji lenye mali ndani, baba? Labda panya." Akanigeukia ili nicheke naye.

Nikacheka.

Nilicheka kwa sababu aliyekuwa analizima ni mimi. Kila siku, saa mbili, nikishashusha nusu shata ya chuma ya mlangoni, mkono wangu unakwenda kwenye swichi ya soketi, tap. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata sijashika ufagio, tap, nawasha. Mke wangu akifika linanguruma, vioo vimeshaanza kupoa. Miezi minane mizima.

Usinitukane kwanza. Miaka thelathini na moja nimefundishwa kitu kimoja: gari likisimama, zima injini. Kampuni yetu ilikuwa inampa zawadi ya mwisho wa mwaka dereva aliyechoma mafuta kidogo kuliko wote, na nimeipokea mara sita. Umeme ulipopandishwa bei, nikaliangalia lile friji linanguruma usiku kucha, hakuna mteja, hakuna anayefungua mlango, nikaona huu ni upuuzi. Mlango umefungwa, nikajiambia, ubaridi utatokea wapi? Umeme nanunua mimi kwa simu, kwa hiyo hakuna aliyejua. Tulikuwa tunalipa elfu hamsini na tisa kwa mwezi, tukashuka arobaini na tano. Zile elfu kumi na nne nikawa naziweka pembeni. Nilitaka mwisho wa mwaka nimwekee mezani mke wangu, nimwambie, na mimi nimo. Maana, jamani, inachosha kula kwa mtu kila siku, hata kama mtu huyo ni mkeo.

Mpaka fundi aliposema lile neno, naapa, sikuwa nimeunganisha spinachi na swichi. Wala si kwamba ni siri kubwa ya kitaalamu. Mboga ilikuwa inatoka jasho humo ndani saa kumi mfululizo, kila usiku, halafu asubuhi naipiga baridi tena. Nilielewa yote kwa mara moja, nimesimama pale na kicheko bado kiko mdomoni. Ningesema wakati ule ule, lingekuwa kosa la mzee mjinga, tungegombana yakaisha. Sikusema. Nikatoa elfu kumi na tano kutoka kwenye akiba yangu, nikamlipa fundi haraka haraka aondoke. Mke wangu akanishukuru kwa kumlipia. Alinishukuru!

Usiku ule sikuzima. Wala uliofuata. Siku kumi zilizobaki, friji liliwaka usiku na mchana, na ndoo ya taka ikawa nyepesi. Nikajidanganya kwamba hilo linatosha, kwamba mwezi utaisha vizuri, atasaini, na mimi nitakufa na siri yangu.

Siku ya mwisho tulikaa ndani ya duka, shata imeshushwa nusu, jua la alasiri linaingia chini kwa chini. Binti yetu akasoma. Mauzo, milioni moja na laki nane na elfu thelathini. Mzigo, milioni moja na laki nne na elfu themanini. Gharama, zile laki tatu na themanini na tano. "Hasara elfu thelathini na tano, Mama."

Mke wangu alikuwa ameshika kitambaa, anafuta sahani ya mizani. Akaendelea kufuta.

"Basi," akasema. "Kesho nampelekea ufunguo."

"Mama, subiri. Angalia siku kumi za mwisho. Vya friji vimeharibika vya elfu kumi na moja tu. Kuna kitu kimebadilika."

"Kumekuwa na baridi. Joto likirudi tutarudi palepale." Akakunja kitambaa. "Nimechoka, mwanangu. Si miguu, miguu nimeizoea. Nimechoka kuamka saa tisa kwenda kuchagua vibovu. Mtu akifika mahali hajui tena kazi yake, aondoke. Nisingoje wateja ndio waniambie."

Ningeweza kuvumilia duka lifungwe. Ningeweza hata kuvumilia njaa. Lakini kumwona anazeeka mbele yangu kwa kosa langu, akiliita lake, hapana.

"Mimi ndiye nilikuwa nalizima," nikasema.

Wote wawili wakaniangalia.

"Friji. Kila nikifunga. Nilikuwa nabana umeme. Tangu siku ile ya fundi nimeacha. Si baridi, mke wangu, wala si macho yako. Ni mimi."

Binti yangu akaziba mdomo kwa kiganja. Mama yake akauliza, taratibu kabisa, "Tangu lini?"

"Umeme ulipopanda."

Akahesabu kwa vidole, kidole gumba kikigusa vingine kimoja kimoja, mpaka minane. Nikamwomba moyoni anipigie kelele. Hakupiga. Alikaa juu ya kreti, akashusha pumzi ndefu, na nikaona mabega yake yanalegea. Machozi yakamtoka. "Kwa hiyo nilikuwa nachagua vizuri," akasema. "Siku zote nilikuwa nachagua vizuri."

"Vizuri kabisa, mke wangu."

"Na yule mzee wa watu nikamwita mwizi mbele za watu." Akajifuta macho kwa upande wa kanga. Kisha akaniangalia, na macho yalikuwa mengine. "Siku ya fundi ulikuwa umesimama hapo. Nilikugeukia, ukacheka."

Usiku ule, nyumbani, nikamwekea mezani akiba yote, elfu tisini na saba. Akazihesabu mara mbili, kama anavyohesabu za mteja yeyote, akazitia kwenye mfuko wa kodi. "Hizi ni za mkataba," akasema. Kesho yake akasaini.

Siku ya tatu alikwenda soko la jumla kwa yule mzee wa kofia ya sufu. Waliyozungumza hakuniambia. Alirudi macho yamevimba, na kwenye mkokoteni kulikuwa na spinachi ya mzee.

Mimi akanipangia upya. Asubuhi nifungue na kufagia kama kawaida. Jioni, ikifika saa kumi na mbili, niende nyumbani nikapike. Kufunga atafunga mwenyewe. Hakusema kwa ubaya. Tangu saa tisa na nusu alfajiri mpaka saa mbili usiku, mwezi mzima, mwanamke wa miaka hamsini na minane. Anaingia, anakaa kwenye kiti cha kwanza anachokikuta, chakula anakula nusu, na mara nyingine analala kijiko kikiwa mkononi. Nilikuwa namvua kandambili na kumkanda miguu kwa maji ya vuguvugu, naye ananiachia, lakini hakuwa ananiangalia. Nikajikaza. Nikajiambia adhabu ina mwisho wake, mwezi ukiisha na faida ikionekana nitarudishiwa jioni zangu.

Mwezi ukaisha. Binti yetu akafungua daftari. Mauzo milioni mbili na elfu kumi. Ukitoa mzigo, ukitoa gharama pamoja na kodi mpya na umeme wa usiku na mchana, inabaki laki moja na elfu moja. Faida. Akapiga makofi peke yake, tukacheka, hata mama yake akacheka kidogo.

Nikaona ndio wakati wangu. "Sasa mke wangu, nirudi mimi kufunga jioni, upumzike. Miguu hiyo haitafika mwisho wa mwaka."

"Haitafika, kweli," akasema. Akamgeukia binti yetu. "Andika kwenye gharama za mwezi ujao mshahara wa mtu wa kufunga duka. Elfu sitini. Yule mama anayefagia ngazi za mafundi cherehani, nimeshaongea naye."

Binti yangu akaacha kalamu hewani. "Mama, itabaki arobaini na moja tu. Na Baba yupo, anafunga bure."

"Najua." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Lakini Baba yako akifunga, mimi nitakuwa nimelala kitandani macho wazi, najiuliza kama linawaka. Nitataka kumuuliza nione aibu. Nitamwamini nusu. Nimechoka, mwanangu. Hizo elfu sitini nanunua usingizi."

Binti yangu hakuandika. Aliniangalia mimi, kama mtoto anayesubiri baba yake aseme neno, amtetee au ajitetee. Vyerehani vya mafundi vilikuwa vinanguruma juu. Mke wangu ameinama anajisugua kifundo cha mguu.

"Andika, mwanangu," nikasema.